Shati la Sita la Bwana Tomasi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Najua neno hilo ni la wazee wenye pensheni, nami sina pensheni, lakini nimelizungusha kichwani wiki nzima na sijapata jingine linalofaa. Daktari wa ngozi aliishika mikono yangu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki sokoni, akasema, "Hii mikono imemaliza kazi ya sabuni." Miaka minane ya udobi ikaishia pale pale, kwenye kiti cha plastiki.

Nawaandikia nyinyi mnaotoka vyuoni sasa, hasa mliopata kazi ambayo hamkuiomba. Mimi nilisomea kemia. Nilirudi nyumbani upande wa Kaloleni na shahada ndani ya bahasha ya kaki, nikakaa mwaka na nusu nikituma maombi ya kazi, na kila barua niliisoma mara kumi baada ya kuituma, nikitafuta kosa. Mama akachoka kuniangalia. Akampigia simu rafiki yake wa zamani aliyekuwa dobi Malindi, mtaa wa Shela, akamwambia, "Nina msichana hapa anawaza mpaka anakonda. Mpe kitu cha kushika."

Bi Zuhura alinipokea uani kwake, povu limempanda hadi viwikoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mamako aniambia wewe ni msomi wa dawa."

"Kemia, Bi."

"Haya. Doa la bibo hutokaje?"

Nikaanza kumweleza kuhusu utomvu wa bibo, lile tunda la mkorosho, na jinsi unavyoshikana na nyuzi za pamba. Nilikuwa bado sijafika katikati aliponikata.

"Halitoki. Mwenye nguo huambiwa mapema, akalie kwao. Chukua ndoo ile."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mengine nilijifunza polepole. Kutu hutolewa kwa ndimu na chumvi, kisha nguo huanikwa kwenye jua la saa nne, si la saa saba, maana la saa saba hukausha ndimu kabla haijafanya kazi. Maji ya dafu ni adui mnafiki: yakimwagika huonekana kama maji tu, na nguo ikipigwa pasi ndipo doa hujitokeza, hudhurungi, halitoki tena. Damu haitaki maji ya moto kamwe. Ukiitia maji ya moto umeipika ndani ya nguo. Maji baridi, chumvi, na subira. Niliyajua haya yote darasani kwa majina marefu, lakini sikuwahi kuyashika kwa mkono.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwaza kila kitu mara tatu, nilianzisha daftari la madoa. Kila doa lililonitia wasiwasi niliandika ni la nini, liko wapi, limekaa muda gani, na nimelitendea nini. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. "Kadzo, madoa nayo yaandikiwa wasifu siku hizi?" Lakini hakunikataza.

Hapo naomba niwaeleze kuhusu alama, maana kila kitu kinachofuata kimefungwa na uzi huo.

Nguo ya mteja wa kudumu hutiwa alama ndani ya kola au ndani ya pindo, mishono michache ya uzi wa rangi ambayo mwenyewe haioni wala haimkwaruzi. Kila mteja ana yake. Mwalimu wa madrasa alikuwa na miwili myekundu. Hoteli moja ya barabara ya ufukweni ilikuwa na msalaba wa kijani. Siku nguo inapotoka mikononi mwetu kabisa, mteja amehama au amefariki, alama hufumuliwa kabla ya nguo kurudi kwa wenyewe. Bi Zuhura alifundishwa hivyo na mamake: uzi ule ni wa kumrudishia mtu nguo yake, na kama mtu hayupo wa kurudishiwa, uzi nao uondoke.

Mwaka wangu wa kwanza niliona alama ni kazi ya ziada. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, nikajiambia nitazijua nguo kwa macho. Nikampelekea mgeni mmoja wa hoteli kanzu ya bwana harusi wa mtaa wa pili, imetiwa wanga, inanukia udi. Mgeni akadhani ni zawadi ya hoteli, akaivaa kwenda kula kiamshakinywa. Ndugu wa bwana harusi wakamkuta anakula papai. Waliirudisha ndoa kwenye njia yake, lakini ile kanzu ilikwenda msikitini na tone la papai begani, na Bi Zuhura hakusema nami mpaka Alhamisi. Kisha akanipa sindano. "Kuanzia leo, hakitoki kitu hapa bila alama. Ukikiona kitu hakina, umekosa wewe."

Maneno hayo ya mwisho yalinikaa vibaya. Nawaambia haya muelewe kilichofuata. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipoona nguo isiyo na alama, moyo wangu uliruka kabla ya akili kufika.

Mkae na hilo, sasa nije kwa Bwana Tomasi.

Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye nyumba ndogo nje kidogo ya mji, upande wa Mambrui. Alikuwa amefuliwa na Bi Zuhura kwa miaka mitatu kabla sijafika. Hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Alikuwa na mashati kumi na mawili, yote meupe, yote ya mikono mirefu, na alama yake ilikuwa mishono mitatu ya buluu na mmoja wa manjano. Kila Jumatatu mpishi wake, Mzee Karisa, alileta sita machafu na kuchukua sita safi. Jumapili Bwana Tomasi alivaa fulana, akaifua mwenyewe.

Nguo hazisemi uongo mwingi. Kwa miaka yote ile niliyojua mashati yake, sikukuta kitu mfukoni hata siku moja. Kwetu mifuko hugeuzwa kabla ya maji, na kinachopatikana huwekwa kwenye mkebe wenye alama ya mteja, hakisomwi. Watu huacha tiketi, karafuu, barua za mapenzi, na mara moja meno ya bandia. Yeye hakuacha hata kijiti cha kiberiti. Nililiwazia jambo hilo, kama ninavyowazia yote, nikaamua ni mtu nadhifu.

Mara moja kwa mwaka, siku ya Idi, alikuja mwenyewe na pakiti ya tende.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Lakini wanizidi umri, Bwana Tomasi, nimekwambia mara ngapi?"

"Kwa Kiswahili mimi bado mtoto, Bi."

"Basi kaa unywe chai, mtoto."

Alikaa kwenye benchi letu, akanywa chai polepole, magoti yamemfika kifuani. Alipoondoka alishukuru kila mtu, hata mimi niliyekuwa nimesimama tu na kikapu.

Mzee Karisa alikuwa mtu wa kwetu Kaloleni, ingawa hatukuwa ndugu. Aliniita mayo, kama wazee wa Kigiriama wanavyomwita binti wanayempenda, yaani mama. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na kila Jumatatu kabla ya kutua mfuko alimuuliza Bi Zuhura ameamkaje, na magoti yameamkaje. Alisubiri jibu la magoti pia.

Jumatatu niliyoikosea, Mzee Karisa alifika saa moja kamili asubuhi, macho mekundu. Alikuwa Kaloleni tangu Jumamosi mchana kwa matanga ya shangazi yake, na alikuwa ameshuka kwenye gari la alfajiri muda mfupi uliopita. Kama kawaida yake alipita uani kwa mwajiri wake, akautoa mfuko kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akaja nao moja kwa moja.

"Sikumwamsha," akasema. "Huamka saa mbili. Akiamka atanikuta na shati safi."

Akachukua sita safi akaenda.

Nikafungua mfuko, nikahesabu. Sita. Hesabu ilitimia, nami nikatulia kama mtu yeyote anavyotulia hesabu inapotimia. Shati la sita lilikuwa na damu kifuani na kwenye pindo la mkono wa kulia. Sikushtuka. Bwana Tomasi alikuwa akitokwa na damu puani kila joto lilipokaza, na Januari ile lilikuwa limekaza. Nikaandika kwenye daftari: saa moja na dakika kumi, damu, kavu kabisa, kingo zimekuwa nyeusi, imekaa si chini ya nusu siku, maji baridi, chumvi.

Kisha nikageuza kola, nikakuta haina alama.

Nikawaza: nimesahau mimi. Au uzi ulikatika nami sikuona. Au Bi Zuhura ameshaona na anangoja kuona kama nitaona. Au nililitoa hapa mara hamsini bila alama, na siku moja litaenda kwa mgeni wa hoteli na itakuwa ile kanzu tena. Niliwaza yote hayo nikiwa nimeshika shati lenyewe mkononi, na lile jambo la wazi kabisa, kwamba shati halikuwa lake, halikunijia hata kidogo.

Nikalifua. Nikalianika. Saa sita lilikuwa limekauka, nikalipiga pasi, nikatia wanga kwenye kola, na Bi Zuhura alipokwenda sokoni nikachukua sindano haraka na kushona mishono mitatu ya buluu na mmoja wa manjano.

Saa tisa walikuja polisi wawili vijana. Bwana Tomasi alikuwa amekutwa barazani kwake, amechomwa kisu. Karisa ndiye aliyemkuta, saa mbili asubuhi, na sasa Karisa alikuwa kituoni. Alikuwa na ufunguo, walisema, na jirani alimwona akitoka pale uani mapema, anakwenda haraka, na mfuko begani.

"Aliwaletea nini?"

"Mashati sita."

Yalikuwa yamekunjwa mezani, meupe, yananukia jua. Mmoja akayafunua mawili matatu kwa kidole.

"Yote ni ya marehemu?"

"Yote yana alama yake," nikasema.

Walikwenda zao. Nilikuwa sijaelewa bado, nawaapia, lakini nilisikia sentensi yangu ilivyotoka na sikuipenda.

Nilielewa Jumanne. Nilikuwa nayapanga upya mashati yale, bila sababu, ili mikono iwe na kazi. Kati ya kumi na mawili ya Bwana Tomasi kulikuwa na moja ambalo Bi Zuhura alilitia kiraka kidogo kwenye pindo la mkono wa kushoto. Daftari, ambamo viraka navyo niliviandika, lilisema halikuwamo katika sita safi aliyochukua Karisa. Basi lilipaswa kuwamo katika haya. Nikatafuta kiraka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Kisha nikalivaa lile la sita juu ya nguo zangu, na kola yake ikanizunguka kama beseni. Bwana Tomasi alikuwa na shingo ya korongo.

Mtu alikuwa amesimama pale mlango wa jikoni, damu imemrukia. Akaona mfuko wa nguo chafu kwenye msumari. Akavua lake, akalisukumiza chini, akachukua moja la marehemu, akalivaa, akaondoka zake akiwa mtu msafi. Na mimi nikamfulia.

Tangu hapo mpaka Alhamisi nilipiga hesabu. Nikisema, Bi Zuhura atapoteza mahoteli, maana nani atamletea shuka dobi aliyefua damu ya mtu aliyeuawa? Nikisema, nitashtakiwa kwa kuharibu ushahidi. Nikisema, watadhani mimi na Karisa tulipanga, kwa kuwa tumetoka sehemu moja. Nisiposema, labda watamwachia wenyewe. Nilipanga hotuba nne za kukiri na hotuba mbili za kukaa kimya. Wakati wote huo mzee wa watu alikuwa amekaa sakafuni kituoni.

Na mji haukuwa na habari nyingine. Jumatano ilijulikana kwamba polisi walikuta pasipoti tatu ndani ya debe la mchele, majina matatu, na hata moja halikuwa Tomasi. Magazeti ya ng'ambo, tulivyosimuliwa, yalisema alikuwa jasusi wa nchi moja aliyeuza siri kwa nchi nyingine, kisha akapotea miaka mingi iliyopita. Muuza kahawa wa mtaani kwetu alikuwa na nadharia mpya kila saa.

"Bi Zuhura, mlikuwa mkimfulia jasusi."

"Jasusi gani? Mtu alikuwa hawezi kuficha tone la chai."

"Ndio ujanja wenyewe huo."

"Basi na mume wangu alikuwa jasusi mkubwa. Nipe kahawa yangu."

Alicheka nao, lakini aliporudi uani aliipangusa rafu ya Bwana Tomasi, isiyokuwa na vumbi.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunaanika shuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Hotuba zote nne zikanikimbia.

"Bi, nimekosa."

"Umeunguza?"

"Zaidi."

"Umechanganya tena?"

"Nimechanganya, Bi. Lakini si kama siku ile."

Nikamwambia yote, shuka ikiwa katikati yetu, simwoni uso. Nilipomaliza aliitundika ncha yake taratibu, akaja upande wangu. Akaenda akalichukua shati, akalipeleka juani, akageuza kola. Akaleta na jingine la Bwana Tomasi, akaziweka alama mbili pamoja.

Hapo nikaona kitu ambacho mimi na kemia yangu yote sikuwa nimekiona. Alama ya zamani ilikuwa imepauka, buluu imekuwa kama maziwa yenye maji. Yangu iliwaka kama nguo ya dukani.

"Uzi huu haujaonja maji hata siku moja," akasema. "Na mkono ni wako. Wewe wavuta sana." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa nini hukuniambia Jumatatu ile ile, ulipoona haina?"

"Niliogopa utasema nimesahau tena."

"Ningesema. Ningesema sana. Kisha tungekunywa chai, na ningekwambia shati hilo si lake."

 Nikasema kuhusu mahoteli, kwamba hayataleta nguo tena.

"Wasilete. Shuka zao hazijapata kuniuliza magoti yameamkaje." Akainuka. "Nitafutie buibui langu. Na daftari lako la wasifu wa madoa, lichukue."

Mpelelezi aliyekuwa na kesi ile alikuwa mwanamke wa bara, mtulivu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Tulimwita Afande na ndivyo nitakavyomwita hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Shati lilikuwa mezani, kwenye kanga ya Bi Zuhura.

"Nione kama nimeelewa," akasema. "Ulipata ushahidi, ukaufua, ukaupiga pasi, halafu ukashonea alama ya marehemu."

"Ndiyo, Afande."

"Na hii kola imesimama hivi kwa nini?"

"Wanga, Afande. Kidogo."

Akaigonga kola kwa kalamu. Bi Zuhura akajisogeza mbele kwenye kiti. "Afande, mimi ndiye mwenye kazi. Huyu nilimfundisha mimi kwamba kisichokuwa na alama ni kosa lake. Kama kuna wa kugombwa, anza na mimi. Lakini kwanza tazama uzi."

Akautazama uzi. Akatazama daftari, saa, neno kavu, neno nyeusi, neno nusu siku. Akauliza Karisa alifika Malindi saa ngapi, na nani alikuwa naye kwenye matanga Jumapili. Nilijua, maana watu wa kwetu nusu walikuwa huko. Kisha akatuma Mzee Karisa aletwe.

Aliingia ameshikilia suruali, maana walimchukulia mshipi. Alipotuona aliinamisha kichwa kama anayeona aibu kukutwa hajanyoa ndevu.

"Bi Zuhura. Umeamkaje? Na magoti?"

"Yapo, Karisa. Yanakusalimu."

Afande akamwambia alivae shati. Mikono yake ikapotea yote ndani, vidole havikuonekana, mabega yakaning'inia hadi karibu na viwiko. Alisimama pale kama mtoto aliyevaa la babake. Akapapasa kola kwa kidevu, akanigeukia.

"Mayo, umelipiga pasi vizuri."

Nililia hapo, na si haba.

Hawakumwachia siku ile. Walituma mtu Kaloleni kuthibitisha matanga, na Jumamosi wakamfungulia. Shati lilipelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yalichukua miezi: ni damu ya mtu, lakini imefuliwa na kupitishwa moto wa pasi, hawawezi kusema ni ya nani, na jasho la aliyelivaa halikubaki. Nilimwendea Afande nikamwambia nimemficha muuaji kwa mikono yangu.

"Ulimficha," akasema. Hakunipamba. "Lakini bila daftari lako ningekuwa na kesi iliyofungwa na mtu asiyehusika ndani yake. Sasa nina kesi iliyo wazi. Afadhali hii." Iko wazi mpaka leo. Yeye alihamishwa, akaja mwingine, faili likabaki.

Mahoteli mawili yalituacha. La tatu liliongeza nguo, sijui kwa nini. Watu ni wagumu kukisia, na mimi nimejaribu.

Jumatatu baada ya kufunguliwa, saa moja asubuhi, Mzee Karisa aliingia uani kwetu mikono mitupu. Nadhani miguu ilimleta yenyewe. Akauliza magoti, akaketi kwenye benchi, mahali pale pale alipokuwa akiketi Bwana Tomasi siku ya Idi. Bi Zuhura akampa chai na mahamri. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Mashati yake yako tayari?"

"Yako tayari tangu Jumatatu ile," Bi Zuhura akasema.

"Watu wa kwao wameandika barua. Wamesema azikwe huku huku. Hakuna anayekuja." Akageuza kikombe. "Wamemvika shuka la hospitali. Hakupenda kukaa bila shati."

Bi Zuhura alichagua moja. Halikuwa na mkunjo, lakini alilinyunyizia maji, akawasha pasi ya mkaa ambayo tulikuwa tumeiweka juu ya kabati tangu tupate ya umeme, na akalipiga upya mwenyewe, kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo. Alipomaliza nikachukua wembe nifumue alama. Ndiyo desturi. Mtu hayupo tena wa kurudishiwa.

Mzee Karisa akaniwekea mkono juu ya wembe.

"Iacheni hiyo."

"Hufumuliwa, Karisa," Bi Zuhura akamwambia kwa upole.

"Najua. Lakini huyu ana majina matatu ya karatasi, na padri ameniuliza mimi jina lake ni nani. Mimi nimempikia miaka kumi na mbili, na sijui. Hii angalau ni yake. Akiulizwa huko aendako, ataonyesha kola."

Bi Zuhura alinitazama, akaondoa wembe mkononi mwangu. Tulimzika watu wanne, pamoja na padri, na marehemu amevaa shati la mikono mirefu na mishono mitatu ya buluu na mmoja wa manjano shingoni.

Ndiyo kazi niliyostaafu. Sikujifunza kuacha kuwaza, na sitawadanganya kwamba nyinyi mtaacha. Nilijifunza tu kwamba ukiwa na kosa mkononi, lipeleke kwa mtu mwingine likiwa bado kavu. Lisiguse maji, lisiguse pasi. Mtu akigomba, atagomba, kisha kuna chai.

Mzee Karisa anaishi Kaloleni sasa, anakuja mjini mara moja kwa mwezi, na sote watatu tunakaa kwenye benchi lile. Bi Zuhura amepata msichana mwingine, mwenye mikono mizuri na asiyewaza sana. Namwonea wivu kidogo.

Lakini nikisimama nyuma ya mwanamume kwenye foleni ya benki, bado natazama kola. Kuna shati jeupe duniani, la mtu mwembamba, lenye kiraka kidogo kwenye pindo la mkono wa kushoto, na ndani ya kola lina uzi wetu. Huenda lilichomwa moto. Huenda lilitupwa baharini. Huenda limo sandukuni mwa mtu anayesafiri, na siku moja litaangukia kwenye kapu la hoteli, mahali ambapo mmoja wenu, mwenye shahada asiyojua aifanyie nini, anageuza mifuko na kuhesabu. Kama ni wewe, utaiona buluu imepauka na manjano yamebaki. Usikimbilie ndoo. Usilitie maji.